Bi Mkunga na Kelele za Upande wa Pili

Ukimuuliza mtu wa mji wetu habari za Bi Mkunga, jambo la kwanza atakalokuambia ni kwamba mama yule alikuwa na kelele. Ni kweli. Na ndiyo maana watu wengi hawakumwelewa pale alipoanza kushtaki kelele za wengine.

Habari za ukoo wake waulizwe watu wa Amu, kisiwani Lamu, mtaani kwao, wanaojua nani kazaliwa nyumba gani. Mimi nilimkuta mtu mzima, mkunga wa zahanati yetu huku bara, upande wa Kililana. Nilikuwa muuguzi mpya, nimetoka kwetu Pate na vyeti vyangu na woga wangu. Alinitazama toka juu hadi chini, akasema:

"Wewe ndiye waliyetuletea? Haya, karibu. Osha mikono. Na ukisema, sema nikusikie. Hapa hatuibi kitu hata tunong'onezane."

Tangu siku hiyo nilifanya kazi chini yake mpaka alipostaafu, na sikumbuki siku hata moja aliyoninong'oneza.

Sauti yake ilivuka kuta. Mama akifikia uchungu wa mwisho, wavuvi walioko gatini walimsikia Bi Mkunga akiamrisha, "Sukuma, mwanangu! Usiniimbie, sukuma!" Wakaambiana, "Kuna mgeni anakuja," wakaendelea na nyavu zao. Harusini kigelegele cha kwanza kilikuwa chake, na cha mwisho pia. Redio ya jikoni kwake aliifungulia mpaka ikakwaruza, na ukimwomba apunguze alikujibu kwamba taarabu ya kunong'ona ni umbea tu.

Lakini mimi nilimwona pia akinyamaza, na hilo waliliona wachache. Alikuwa na kipembe cha mti, kile cha kizamani cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Alikiegemeza kwenye tumbo la mama, akatia sikio, akafumba macho, kisha akainua kidole. Kidole kile kikiinuka, zahanati nzima ilinyamaza. Waliokuwa barazani walikatiza mazungumzo. Mwenye mtoto anayelia alitoka naye nje. Siku moja ilipita pikipiki, Bi Mkunga akatoa kichwa dirishani: "Zima!" Dereva akazima, akaisukuma kwa miguu hadi msikitini, na abiria wake, mzee mwenye gunia la simsim, akamfuata nyuma bila kulalamika.

"Mato yana kope," alizoea kusema. "Hutaki kuona, wafumba. Sikio halina kope."

Tuliwahi kupewa kimashine cha betri cha kazi hiyo hiyo. Alikipenda, akakisifu, akakifunika kitambaa kama mtu afunikavyo sahani ya wageni. Kilipokufa tukaahidiwa kingine. Nimezoea ahadi sasa, lakini wakati ule nilikuwa mgeni wa kazi, nikawa naulizia kila mwezi. Bi Mkunga yeye hakuulizia. Alirudi kwenye kipembe chake siku hiyo hiyo.

Sasa lazima nieleze habari ya njia, maana bila njia hii hakuna atakayeelewa kilichotupata.

Zahanati yetu iko mwisho wa mji. Mbele yake inapita njia ya mchanga, malori yanapita hapo kwenda na kurudi bandarini. Ukivuka njia hiyo umeingia mji wa pili. Watu ni wale wale, wanaoana, wanazikana, wanaazimana chumvi. Lakini wenye kuchora ramani walipokuja wakati wa mambo ya bandari, walichora upande wetu kuwa wa makazi na upande wa pili kuwa wa viwanda. Hakuna aliyejali. Wakati ule upande wa pili hapakuwa na kiwanda chochote, palikuwa na mbuzi.

Ndipo akaja mwenye kiwanda cha barafu. Alikuwa na mtambo wake mdogo kule Amu, majirani wakamlalamikia, na kwa kuwa mji ule wa kale una masharti yake kuhusu mitambo, akaambiwa ahame. Akatafuta kiwanja, akakipata upande wa pili wa njia, uso kwa uso na zahanati. Akaleta mtambo mkubwa zaidi, jenereta lake, na mashine ya kuponda barafu.

Siku ya ufunguzi tulifurahi wote, sitaficha. Samaki wa watu walikuwa wakiharibika kwa kukosa barafu. Wavuvi walikuwa wakiuza kwa bei ya kuomba, na mchuuzi aliyechelewa alimwaga mzigo. Bi Mkunga mwenyewe alikuwapo, amevaa buibui lake jipya, akatafuna vipande vya barafu kwa sauti mpaka wanawake wakacheka. Na friji yetu ya chanjo ilipoharibika, mwenye kiwanda ndiye aliyetuletea barafu kila asubuhi bila kudai kitu, na chanjo za watoto zikasalimika. Kwa hiyo asije mtu akasema Bi Mkunga alimchukia yule bwana. Alimheshimu. Hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu.

Kelele zenyewe nizielezeje? Hazikuwa za kupasua sikio. Ulikuwa mngurumo, mzito, usiokata, unaousikia menoni kabla hujausikia masikioni. Chupa za dawa rafuni zilitembea zenyewe polepole hadi ukingoni, nikawa nazirudisha kila jioni. Nilipopima presha ya mgonjwa sikusikia kitu ila mtambo. Na ile mashine ya kuponda barafu ilipoanza, tulizungumza kwa ishara. Bi Mkunga aliinua kidole chake, na watu wote wakanyamaza kama kawaida, lakini mtambo hauna macho ya kuona kidole.

Alianza kwa adabu. Alivuka njia, akaketi na mwenye kiwanda kwenye kivuli cha ukuta wake, wakanywa kahawa. Mimi nilikuwapo.

"Bwana," alisema, "mimi sikuambii ufunge. Watu wapata kula kwa mtambo huu. Nakuomba uusogeze nyuma, au uutilie ukuta."

Yule bwana, mtu mpole mwenye ndevu zilizopakwa hina, alishusha kikombe.

"Bi, mimi Amu nimetolewa na sheria. Hapa nimeletwa na sheria. Waliniambia huku ndiko kwa viwanda. Nimemaliza nilichonacho chote kwa kuhama. Leo nikihama tena nahamia wapi, baharini?"

Hata hivyo alianza ukuta. Ulifika usawa wa kiuno, ukasimama. Uko hapo mpaka leo, wauza samaki wanaanikia magunia.

Baadaye Bi Mkunga akaenda kwa wakubwa. Nilimsindikiza mara nyingi hata nikajua kila benchi la ofisi zile lina msumari wapi. Tulitumwa kwa huyu, huyu akatutuma kwa yule, yule akatuuliza kwa nini hatukuanzia kwa huyu. Mwishowe akatumwa afisa wa mazingira, kijana wa bara mbali, mwenye heshima na viatu visivyofaa mchangani. Mara ya kwanza alikuja siku ya Ijumaa saa ya swala, na mtambo ulikuwa umezimwa watu wako msikitini. Akasimama barazani kwetu, akasikiliza, akasema kwa kweli hasikii tatizo.

"Ngojea swala iishe," Bi Mkunga alimwambia.

"Mama, boti yangu inaondoka saa hii."

Alirudi baada ya miezi mingi na chombo cha kupimia. Safari hii mtambo ulikuwa ukinguruma. Alipima langoni kwa kiwanda, kisha akavuka njia akapima mlangoni kwetu. Alitazama chombo, akakuna kichwa.

"Hapa kwenu imezidi," alisema. "Kwenye hospitali na makazi kelele hairuhusiwi kufika hapa."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mkunga. "Basi muandikie."

"Shida iko hapo, Mama. Kule kwake haijazidi. Kule ni viwanda, anaruhusiwa. Na hawa wa upande wa pili hawana sheria ndogo ya masaa ya kelele kama nyinyi. Nyinyi mko nayo, lakini yenu inaishia hapa njiani."

"Kwa hiyo kelele yaruhusiwa kutoka, hairuhusiwi kuingia."

"Ni kama hivyo."

"Na kosa je?"

Kijana yule alifikiri kwa haki kabisa. "Kosa liko," alisema. "Mkosaji ndiye hayuko."

Bi Mkunga alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilitaka kukichukua kile chombo nikitupe kisimani.

Alikuwa na tabia hiyo ya kucheka mahali ambapo mimi nilikuwa nikitetemeka kwa hasira, na kukasirika mahali ambapo mimi sikuona jambo. Nikisahau kufunga kopo la pamba, aliniandama wiki nzima. Aliwagombeza wakwe wanaokuja na mzazi wakamsema asipige kelele akizaa. Aliwatoa nje, akawafungia mlango. "Mwacheni alie, hapa ndipo pake!" Mwanamke alikuwa na haki ya kupiga kelele mbele yake kadiri apendavyo. Mtu mmoja barazani aliwahi kumchokoza, kwamba yeye na vigelegele vyake na redio yake vipi aje asemee ukimya. Alijibu papo hapo: "Harusi huisha. Mzazi huzaa akanyamaa. Niambie mtambo huu waolewa lini, uishe."

Lakini hasira yake kubwa niliiona siku binti wa mwenye kiwanda alipoletwa kujifungua. Asubuhi ile mtambo ulinyamaza. Haukunguruma hata kidogo mpaka adhuhuri. Tulisikia kunguru paani, tukasikia mawimbi, tukasikia moyo wa mtoto vizuri kama mtu anayebisha hodi. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, akalia kwa nguvu. Bi Mkunga alimfunga nguo, akatoka naye mwenyewe barazani alipokuwa amekaa babu yake.

"Umesikia alivyolia?"

"Nimesikia, Bi. Mashallah. Allah akulipe."

"Na wangine nao hulia hivi hivi. Kumbe mtambo wazimika! Miaka yote waniambia ukiuzima barafu itayeyuka. Yeo haikuyeyuka?"

Yule bwana aliinamisha kichwa na mjukuu mikononi. Hakuwa mtu mbaya. Siku hiyo hiyo wakapatana: mzazi akiingia kwenye uchungu, sisi tutatundika kanga nyekundu kwenye ua wa zahanati, na kiwanda kitazima mtambo mpaka itolewe. Hakuna afisa aliyeandika mapatano hayo, hakuna ramani iliyoyachora. Na yalifanya kazi kuliko sheria zote. Kwa muda mrefu kidogo tulipumua. Kanga ilipanda, mtambo ukanyamaza, ilishuka, ukanguruma. Watu wa njiani walikuwa wakiiona kanga wakamwombea mzazi dua bila kujua ni nani.

Kisha mwenye kiwanda akaanza kuugua, akawa anakaa Amu zaidi, na kiwanda akamwachia msimamizi. Msimamizi huyo hakuwa mtu wa huku. Kwake kanga ilikuwa kanga.

Siku ninayoisimulia aliletwa mama kijana wa upande wa pili, mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa kile kiwanda, alitoka alfajiri kabla uchungu haujaanza, na majirani ndio waliomleta. Nilitundika kanga kwa mikono yangu. Mtambo haukuzimwa. Nikangoja, nikafikiri hawajaiona, nikaitoa nikaitundika juu zaidi, kwenye mti wa mwarobaini. Haukuzimwa. Nikavuka njia mbio. Langoni kulikuwa na lori la samaki kutoka upande wa Kiunga, limechelewa, linangoja barafu, linamwaga maji ya damu chini. Msimamizi alinipungia mkono niondoke. Alisema kitu, sikukisikia; nami nilipiga kelele, hakunisikia.

Niliporudi, Bi Mkunga alikuwa amepiga magoti, sikio kwenye kipembe, kidole kimeinuliwa. Alibadilisha upande. Akabadilisha tena. Akaniita kwa macho, nikasikiliza mimi, nikasikia mtambo. Tukafunga madirisha, tukaziba mlango kwa godoro. Alimwambia yule mama alalie ubavu, akasikiliza tena kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona hajui.

"Twamtia botini?" nilimwuliza kwa sauti ya juu sikioni.

"Mtoto akiwa mzima, nitamzalisha mama wa watu katikati ya mayi bure. Akiwa amechoka, saa hii tumekwisha chelewa. Sisikii, mwanangu. Sisikii!"

Alipoamua kumpeleka Amu, mtoto alikuwa ameanza kuja mwenyewe. Alizaliwa na kitovu kimemzunguka shingo, mweupe, amelegea. Bi Mkunga alimpulizia, akamsugua, akampulizia. Alifanya hivyo hata nilipomgusa bega aache. Ilikuwa maiti ya mtoto wa kike, mzuri, ana nywele nyingi.

Mtambo ulizimwa baadaye kidogo. Lori lilikuwa limejaa.

Je, angesikia angemwokoa? Sijui. Hakuna anayejua, na hilo ndilo wakubwa walilolishika walipokuja. Walikuja wengi safari hii, wakaketi kwenye viti vya plastiki, wakatuhurumia. Waliuliza kama tunaweza kuthibitisha. Walisema watoto hufa hata mahali penye kimya. Waliuliza kama kuna mtu aliyeiona kanga upande ule, kwa maana msimamizi amesema haikuonekana kwa vumbi la malori.

Nilimgeukia Bi Mkunga. Alikuwa akitazama mikono yake.

Alikuwapo aliyeiona. Siku ya maziko, baada ya watu kutawanyika, yule mume alimfuata Bi Mkunga nyuma ya zahanati. Mimi nilikuwa nikifua mashuka, wala hakujificha kwangu. Alisema aliiona kanga ilipopanda. Alimwambia msimamizi. Msimamizi akamwambia lori kwanza, na anayetaka kuzima mtambo azime kisha asirudi kazini kesho. Kwa hiyo alikaa. Mkono wake ulikuwa karibu na swichi.

"Sikujua ni yeye," alisema. "Wallahi, Bi, sikujua ni mke wangu."

Bi Mkunga alimshika kichwa kama mtoto, akakilaza begani kwake.

Wakubwa walipoondoka nililipuka. Sijawahi kumpandishia sauti isipokuwa siku hiyo.

"Kwa nini hukusema? Tumetafuta ushahidi miaka yote, sasa tunao! Mwite yule mume aseme mbele yao!"

"Aseme nini?"

"Kwamba waliiona!"

"Na mkewe asikie kwa ndia gani? Kwa wakubwa?" Alikaa kitako kwenye ngazi. "Yule mwana amezika mtoto juzi. Kilichombakia ni mume. Wataka nimwambie kwamba mumewe aliketi kando ya swichi? Nitakishinda kiwanda, ndiyo. Kisha nitakwenda kuivunda nyumba ya watu kwa mkono huu."

"Na wanawake watakaokuja kesho?"

Aliinuka, akaingia ndani kuosha kipembe chake. Nilimkasirikia mwezi mzima. Nilimfanyia kazi kimya kimya, nikimpa vyombo bila kumtazama. Naye, mwanamke yule aliyeshindwa kunong'ona, aliitunza siri ile kama amana. Sikuisema mimi pia, na ninaisema hapa kwa sababu mume mwenyewe alimweleza mkewe kwa kinywa chake baadaye. Walitengana kwa muda, wakarudiana. Wanaishi.

Mwenye kiwanda alivuka kutoka Amu akiwa mgonjwa, anashikiliwa, kuja kutoa pole. Alimfukuza msimamizi siku hiyo hiyo. Alilia mbele za watu. Kisha alirudi Amu, na wanawe wakaweka msimamizi mwingine.

Uamuzi ulipotoka, ulitoka hivi: kwa kuwa kiwanda kipo mahali pake kisheria, na kwa kuwa zahanati ndiyo inayosumbuka, chumba cha kuzalia kihamishwe. Wangetujengea kingine mbali na njia. Kwa sasa kifungwe kile kilichopo, na wazazi wapelekwe Mokowe au wavuke kwenda Amu. Kile chumba kipya sijakiona. Kiwanja kilipimwa, vigingi vikatiwa, mbuzi wakang'oa vigingi.

Bi Mkunga alistaafu siku zake zilipotimia, bila sherehe, kwani alikataa. Alirudi kwao Amu. Wanawake wa huku waliendelea kumpigia simu, na sauti yake ikawa inasikika simuni mpaka kwa jirani.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka huu, kwenye mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi. Miji yetu miwili inatungiwa sheria moja ya kelele, kwa masaa na vipimo vya aina moja, pande zote mbili za njia. Nilifikiri hatimaye tumefika. Ukumbi ulijaa. Bi Mkunga alikuwa amekaa mstari wa mbele, amevuka na boti ya asubuhi. Amekonda, lakini ushungi wake umenyooka. Msomaji alisoma kifungu baada ya kifungu, nami nikawa natikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka akafika kile kisemacho kwamba masharti haya yatahusu viwanda vitakavyofunguliwa baada ya sheria kupita. Vilivyopo vitaachwa kama vilivyo.

Watu waliguna. Nilisimama, nikasema maneno mengi, nikasema vibaya, nikashindwa kumaliza. Mwenyekiti alinishukuru kwa mchango wangu. Bi Mkunga alipopewa nafasi alisimama akauliza swali moja tu, kwa sauti iliyofika nje kwa waendesha pikipiki:

"Huyo atakayezaliwa kando ya kiwanda cha zamani, masikio yake ni mengine?"

Walipiga makofi. Mwenyekiti naye alipiga makofi. Kifungu kikabaki.

Tulitembea pamoja hadi gatini kungoja boti yake. Nilikuwa sijapoa. Nilimweleza kwamba nimechoka, kwamba nimekwisha kupima maji haya na hayana kina cha kupitisha chombo, na kwamba nimeomba uhamisho. Nilitazamia anigombeze kwa kuwakimbia wanawake wa huku. Nilikuwa na majibu yangu tayari.

"Umeomba kwenda wapi?"

"Kiunga."

Mwenye boti alikuwa akimpa mkono apande, akamwashiria angoje.

"Kiunga kuna mtambo?"

"Bado. Wanasema utakuja, wavuvi wanauomba sana."

"Na zahanati iko wapi, na hicho kiwanja chao kiko wapi?"

"Sijui, Bi. Sijafika."

"Basi usiketi hapa ukinililia." Alinisukuma begani, kwa nguvu, mpaka nikarudi hatua. "Nenda mwezi huu. Wahi kabla mtambo haujashushwa botini, uwakalishe wanaume wa kule, na wavuvi na mwenye kiwanja, useme nao. Hapa tulianza kusema mtambo ulipokwisha kuwa na mwenyewe. Kule hauna mwenyewe bado. Nenda!"

Akashuka botini, akakaa kwenye ubao, akanigeuzia mgongo na kuanza kumgombeza nahodha kwa kuchelewa.